Barbekyu ya zamani mu lupango: usiitupe, lakini chunga chuma unachoitilia

Katika malupango ya Likasi, Kolwezi na Lubumbashi kungali vitu vya chuma vilivyobaki tangu wakati nyumba zilikuwa za kampuni. Kimoja chao ni barbekyu, ile mbabula kubwa yenye miguu ya kuchomea nyama. Mvua imeitoboa chini, wavu wa juu umekatika, kuku wanalala ndani. Mama wa nyumba anasema: "Papa, hii kintu tuuzishe tu kwa watu wa vyuma." Mbele ya kuiuzisha, twaa nyundo, uigonge.

Kugonga njo kuipima. Ikilia kama kengele, chuma kingali kizito na kazi inafaa. Ikilia kama kopo la nyanya, ao nyundo ikipenya, mwili wake umekwisha. Vile vya zamani mara nyingi vilitengenezwa na chuma cha milimita 3 ao zaidi. Pipa la litre 200, ambalo watu wa michopo wanalikata katikati, lina unene wa milimita 1 hivi, na moto unalila upesi. Ni kwa sababu hiyo ninasema mzee huyu wa kutu anaweza kukuzidishia miaka kuliko kipya cha barabarani.

Kutu unaitoa kwa brosi ya nyaya. Lakini kama chini ya kutu unaona rangi nyekundu ya zamani, simama kwanza. Rangi nyingi nyekundu za kuzuia kutu zilikuwa na risasi, ile madini ya ndani ya batiri za gari, na vumbi yake inaharibu akili ya watoto. Usiichome kwa moto, usiikwangue kavu. Ilowanishe maji, funga kitambaa mdomoni na puani, watoto wakae mbali, kisha kusanya uchafu wote ndani ya mfuko. Kama rangi hiyo iko ndani, pahali moto unakaa, na haitoki yote, chuma hicho si cha chakula tena.

Sasa vipande vya kutengeneza kwa mkono. Cha kwanza ni wavu wa chini, ule wa kubeba makala. Wengi wanausahau, wanamwaga makala chini kabisa, halafu wanapepea mpaka mkono unachoka. Makala yanataka kupumua: inua wavu huo sentimita 5 juu ya sakafu, toboa matundu ubavuni chini yake, na majivu yaanguke yenyewe. Wavu wa juu unafanywa na vyuma vya mviringo vya milimita 8, laini, si vile vya beto vyenye mistari, juu mafuta yanashika mule na hayasafishiki. Acha nafasi ya sentimita 1 na nusu kati ya chuma na chuma. Nyama ikae sentimita 12 mpaka 15 juu ya makala. Mkono wa kifuniko uwe wa mti mgumu, mulombwa kwa mfano. Kipande kilichobaki kwa seremala kinatosha. Pitisha bulo mbili ndefu, na katikati ya mti na chuma tia vipande vya bomba ili mti usiguse moto.

Hapa njo kuna neno kubwa. Sisi watu wa migodi tunazungukwa na vyuma, na kila chuma kilikuwa na kazi ingine mbele ya kufika kwako. Manjanja, waya wa uzio na bomba nyeupe zimepakwa zinki. Zinki inayeyuka kwa digrii 420 hivi, na makala mekundu yanapita hapo mbali. Fundi anayeunga chuma hicho anameza moshi mweupe. Magaribi anatetemeka, ana homa, mdomo unaonja chuma, na jamaa wanampeleka kutafuta dawa ya malaria. Wavu wa friji ya zamani unaonekana kama umetengenezwa kwa kazi hii. Hapana! Mingine ilipakwa kadimiamu, sumu inayokaa ndani ya figo miaka mingi. Na shaba yetu, hata inang'aa namna gani, ikikutana na limao ao nyanya inaingia katika chakula na kutapisha watu. Aluminiamu nayo inayeyuka kwa digrii 660.

Na mapipa? Zantati, dawa ya kutenga shaba na mawe, inasafirishwa ndani ya mapipa ya chuma. Vilevile siyanidi ya migodi ya zahabu. Pipa la namna ile lioshwe mara saba, halitapata kuwa chombo cha kula. Lile la mafuta ya gari, mvuke uliobaki ndani unaweza kupasuka fundi anapolikata kwa moto. Mwenye kuuza pipa asipojua lilibeba nini, mwachie pipa lake.

(George Stephen, aliyefanya kazi katika kiwanda cha vyuma cha Weber Brothers huko Chicago, alianza mwaka 1952 kwa boya la chuma lililokatwa nusu. Akatia miguu na kifuniko, na barbekyu hiyo ya mviringo inauzwa mpaka leo. Lakini yeye alijua boya lilitoka wapi.)

Kazi ikiisha, paka ndani na wavu mafuta ya kula, kidogo sana, kwa kitambaa. Washa moto mkali saa moja bila chakula. Mafuta yatakauka kuwa ngozi nyeusi inayozuia kutu. Rudia mara mbili ao tatu.

Barbekyu ikae inje, hata wakati wa mvua. Makala yanayoonekana kama yamezimika yangali yanatoa hewa isiyo na harufu inayoua watu wakilala. Kuchoma nyama, ngoja makala yavae majivu meupe. Na kwa mara ya kwanza weka samaki wadogo, usianze na mbuzi wa arusi.