Mipaka ya shamba iko kichwani mwa mzee: je, akianza kusahau?

MIPAKA ya mashamba mengi ya Nyanda za Juu Kusini haijaandikwa mahali popote. Iwe Rungwe, Mbeya Vijijini, Kilolo au Ismani, anayejua shamba linaishia kwenye mti gani na jirani alipewa kipande kipi ni mzee wa familia. Hati yake ni kumbukumbu.

Kuanzia mwaka 2014 kijiji cha Ilalasimba, Iringa, kiliingia katika majaribio ya kupima mashamba kwa simu za mkononi, chini ya mpango wa MAST uliofadhiliwa na Shirika la Misaada la Marekani (USAID). Vijana wa kijiji waliopewa mafunzo walizunguka mipaka pamoja na wenye mashamba na majirani zao, na simu ikachukua kile walichoonyeshwa. Mzee akikosea njia, simu nayo hukosea.

Hapo ndipo ugonjwa wa usahaulifu, ambao madaktari huuita dimenshia, unapogusa mfuko wa mkulima. Chanzo chake kikubwa ni ugonjwa wa Alzheimer, na wataalamu wa ubongo wamebaini kuwa moja ya sehemu zinazoshambuliwa mapema na ugonjwa huo ni ile inayomsaidia mtu kujua yuko wapi na ametokea upande gani. Mzee anaweza bado kusalimia vizuri, kupiga soga na kutaja majina ya wajukuu wote, huku njia ya kurudi kutoka shambani ikianza kumchanganya.

Vipimo vya karatasi haviioni kasoro hiyo kwa urahisi. Kwa sababu hiyo watafiti wa nchi zilizoendelea wamegeukia teknolojia iitwayo uhalisia pepe. Mtu huvaa miwani mikubwa yenye kioo cha kompyuta ndani yake, na anachokiona si chumba alimo bali uwanja uliochorwa na kompyuta. Akigeuza kichwa, uwanja nao unageuka.

Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walitoa matokeo ya kipimo cha aina hiyo walichowafanyia watu 45 wenye dalili ndogo za kusahau na wengine 41 wenye afya. Kila mmoja alitembea hadi alama ya kwanza, ya pili na ya tatu, kisha akatakiwa kurudi mahali ilipokuwa ile ya kwanza, ambayo ilikuwa imeshaondolewa. Wenye dalili walikosea zaidi, na miongoni mwao waliokuwa na viashiria vya Alzheimer katika maji ya uti wa mgongo walikosea kuliko wenzao wasio navyo. Kipimo hicho kiliwatenganisha vizuri kuliko vile vya karatasi.

Mkulima hatakiona kigeni. Ni sawa na kutoka nyumbani kwenda kisimani, kupitia kwa jirani, halafu kukata njia ya mkato kurudi nyumbani.

Tena kwa jambo hilo watu wa vijijini wana sifa yao. Mwaka 2016 ulitolewa mchezo wa simu uitwao Sea Hero Quest, ambao mchezaji huongoza mashua na kutafuta njia baharini. Toleo la miwani likafuata mwaka 2017. Zaidi ya watu milioni nne waliucheza. Uchambuzi wa wachezaji karibu 400,000 kutoka nchi 38, uliochapishwa mwaka 2022, ulionyesha kuwa waliokulia nje ya miji wanajua kutafuta njia kuliko waliokulia mijini, hasa miji yenye mitaa iliyonyooka kama Chicago.

Sifa hiyo ina hatari yake. Kipimo kilichowekewa viwango kwa watu wa London kinaweza kumpitisha mzee wa Rungwe kuwa ni mzima, kumbe ameshapoteza sehemu kubwa ya uwezo aliokuwa nao. Kinaweza pia kumfelisha bibi aliye mzima kabisa, kwa sababu tu miwani imemtia kizunguzungu na hajawahi kushika kompyuta.

Halafu kuna bei. Miwani ya Meta Quest 3S, ambayo ni ya bei nafuu katika kundi lake, ilipoingia sokoni Oktoba 2024 iliuzwa dola 299, zaidi kidogo ya shilingi 800,000 kwa viwango vya wakati ule. Gunia la mahindi la kilo 100 likiuzwa shilingi 70,000, hayo ni karibu magunia 12, kabla ya ushuru, umeme na mtu wa kuisoma. Kwa zahanati ya kijiji, hesabu hiyo hailipi.

Ipo njia ya bei nafuu zaidi, na imefanyiwa kazi hapa hapa nchini. Katika Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti wa Tanzania na wenzao wa Uingereza waliwapima watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Baada ya kurekebisha hesabu kwa umri, walikuta dimenshia kwa asilimia 6.4, yaani zaidi ya watu sita katika kila 100. Kutokana na kazi hiyo kikatengenezwa kipimo kifupi kiitwacho IDEA, ambacho hakimtaki mzee ajue kusoma wala kushika kalamu. Anakumbuka orodha ya maneno kumi, anataja majina ya wanyama, na anapanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano. Mhudumu wa afya aliyefundishwa anaweza kukifanya nyumbani kwa mzee, na kifaa chake ni kiberiti.

Huko huko Hai, wazee 34 wenye dimenshia walikutanishwa katika vikundi vya mazungumzo, michezo na kazi za mikono, vikao 14 kwa wiki saba. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha nafuu katika kumbukumbu zao. Hakuna miwani iliyotumika.

Mkoani Mbeya na Iringa hatua ya kwanza ni zahanati au kituo cha afya, kwa sababu si kila usahaulifu ni dimenshia. Sonona, maambukizi, pombe na baadhi ya dawa humchanganya mtu, na mengi ya hayo yanatibika. Shinikizo la damu na kutosikia vizuri ni miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari ya dimenshia yenyewe, na yote mawili yanaweza kushughulikiwa. Familia inayosema “ni uzee tu”, au mbaya zaidi inayomtafuta mchawi, inapoteza muda huo.

Mfanyabiashara naye anahusika. Anayenunua shamba au kukopesha pembejeo kwa mzee aliyeanza kusahau anaweza kujikuta barazani, kwani Sheria ya Mikataba inataka anayeingia mkataba awe na akili timamu wakati huo. Uhamishaji wa ardhi ya kimila nao unatakiwa kupitia halmashauri ya kijiji, kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999.

Kwa familia ambazo mzee bado anaifahamu njia, msimu wa kiangazi, mazao yakiwa yameshatolewa shambani, ndio wakati mzuri wa kuzunguka naye mipaka, majirani na mjumbe wa halmashauri ya kijiji wakiwepo, na kuandika kila alama anayoitaja.