Kenge uani: fedha ya kumlinda paka iende wapi?

Kenge hujitokeza jua likishapanda. Kuanzia kama saa tatu asubuhi utamkuta amejinyoosha juu ya mfuniko wa shimo la maji taka, tumbo limelala kwenye saruji yenye joto, kabla hajaanza mizunguko yake. Akishapata joto la kutosha anashuka na kutembea taratibu, kichwa kikiyumba kushoto na kulia, na ulimi mrefu wenye ncha mbili ukitoka na kuingia bila kupumzika. Kwa ulimi huo ndipo anaponusa. Ananusa yai lililovunjika bandani, vichwa vya samaki vilivyotupwa nyuma ya jiko, panya aliyefia chini ya mbao, na watoto wa paka waliofichwa na mama yao kwenye kona ya stoo.

Kwa wanaoishi karibu na mito, mitaro mikubwa, mabwawa na mikoko, huyu ni jirani wa siku zote. Kenge wa maji hufikia mita moja na nusu, na wapo wanaopita mita mbili. Anaogelea, anapanda miti, anachimba. Anakula kaa, vyura, samaki, konokono, ndege, mayai, panya na mizoga. Paka mzima mwenye afya si windo lake la kila siku, maana paka ana wepesi wake na akiona hatari huruka ukutani. Wanaoumia ni watoto wa paka, paka wagonjwa na wazee, na mama paka anayekataa kuondoka penye wanawe. Mkia wa kenge hupiga kama kiboko, kucha zake zimetengenezwa kwa kuchimba, na akishauma haachii upesi.

Mtu akishapoteza watoto wa paka mara moja, anaanza kutafuta la kununua. Na vya kununua havikosi: wavu, mabati, mtego, unga wa kufukuza, mbwa. Nimevipima hapa kwa swali moja: kila kimoja kinagharimu nini, na kinamlinda nani hasa? Bei za dukani zinatofautiana kati ya Tanga na Mombasa, na hubadilika hata kabla msimu haujaisha. Kwa hiyo nimetumia vipimo na idadi ya vifaa. Chukua hesabu hiyo, izidishe kwa bei ya duka lako la vifaa vya ujenzi, utapata jibu la mfuko wako.

Tuanze na kisichouzwa dukani, ambacho ni saa za mchana. Kenge ni mnyama wa mchana. Damu yake haijipashi joto yenyewe, ndiyo maana anategemea jua, na usiku hulala shimoni, kwenye matawi au ndani ya maji. Paka naye hupenda kutembea alfajiri, jioni na usiku, na mchana mwingi huutumia kulala. Ratiba zao zinakaribia kupishana zenyewe, na kazi yako ni kukamilisha tu. Paka akiingizwa ndani baada ya kula asubuhi na kutolewa jua likipungua makali, umeshaondoa sehemu kubwa ya hatari bila kununua hata msumari.

Gharama yake ni beseni pana la plastiki na kitu cha kuweka ndani yake ili paka ajisaidie. Mchanga maalumu wa paka unaouzwa madukani ni ghali na unaisha haraka. Mchanga mkavu wa kawaida unafaa. Maranda ya seremala yanafaa pia, na mara nyingi utapewa bure ukienda na mfuko wako, ila yawe ya mbao ambazo hazijapakwa dawa. Kinachosumbua ni dirisha. Nondo za dirisha hazimzuii paka, na wavu wa mbu anauchana kwa siku chache. Chagua chumba kimoja ambacho dirisha lake litapigiliwa wavu wa chuma kwa ndani, mita moja au mbili tu za wavu, na hicho kiwe chumba cha paka cha mchana. Mlango wa nyuma nao ufungwe, kwa sababu kenge aliyezoea harufu ya jiko hasiti kuingia ndani.

Cha pili ni usafi, na hapa wengi wetu tunajidanganya. Wahenga walisema kwenye msafara wa mamba na kenge wamo, na kwenye jalala wamo vilevile. Sahani ya dagaa iliyoachwa chini ya mwembe kutwa nzima inamlisha kenge kabla ya paka, na inawakutanisha mahali pamoja. Mpe paka chakula mara mbili, asubuhi mapema na jioni, ndani, na uondoe sahani baada ya nusu saa. Utumbo wa samaki na manyoya ya kuku vitiwe kwenye ndoo yenye mfuniko unaokaza, kisha vifukiwe kwa kina au viende na gari la taka. Mayai yaokotwe kila siku. Rundo la mbao, matofali na magunia nyuma ya nyumba ni makazi ya panya, na panya ni chakula cha kenge. Gharama yote ni ndoo moja na nguvu ya mikono. Hakuna kifaa kitakachofanya kazi vizuri kama hatua hii imerukwa.

Sasa tuje kwenye fedha zenyewe. Watu wengi wakipata akiba kidogo huwaza uzio. Chukua kiwanja cha mita 15 kwa 20. Mzunguko wake ni mita 70. Ukitaka kuweka mabati laini yaliyosimama, yaliyofukiwa kidogo chini ili kenge asichimbe, kwa mabati ya mita 3 utahitaji kama 24, nguzo zisizopungua idadi hiyo, saruji, misumari na mafundi wa siku kadhaa. Ukijenga ukuta wa matofali ambao haujapigwa lipu laini, kenge anaupanda kwa kucha zake. Halafu kuna nafasi chini ya geti. Kuna tundu la kutolea maji ya mvua. Kuna tawi la mwarobaini wa jirani lililoinamia kwako. Kila kimoja kati ya hivyo ni mlango.

Tuseme umeziba vyote, fedha umeimaliza na uzio umesimama imara. Paka wako ataruka juu yake jioni ileile. Uzio wa kiwanja unaweza kuwafaa kuku, kwa sababu kuku hubaki ndani. Paka habaki. Ataenda kule kwenye mtaro alikoenda siku zote, na kenge atamkuta kule. Kwa hiyo kama lengo ni paka, uzio wa kiwanja kizima ndiyo fedha inayopotea kuliko zote, hata ukijengwa vizuri.

Banda dogo la wavu lenye paa ni habari nyingine, na ndilo ninalolipigia debe. Geuza hesabu: badala ya kumfungia nje mnyama anayepanda, kuchimba na kuogelea, jenga sehemu ndogo ambayo hawezi kuingia. Banda la mita 2 kwa moja na nusu, lenye urefu wa mita 1.8 kwenda juu, linatosha paka wawili kupitisha mchana, hasa likiegemezwa karibu na mlango au dirisha la nyumba ili waingie wenyewe. Mzunguko wake ni mita 7. Hiyo ni sehemu moja ya kumi ya mzunguko wa kile kiwanja, na paa lake linataka mabati 2 tu.

Wavu wa kuku peke yake hautoshi. Waya wake ni mwembamba, matundu yake yanapanuka ukivutwa, na kwenye hewa ya chumvi ya pwani unaanza kuoza kwa kutu upesi. Kenge aliyedhamiria ataupasua kwa chini. Kwa upande mwingine, banda lote likijengwa kwa wavu mgumu wa kuchomelea, ule ambao mafundi wanauita weldimeshi, utalipia uimara juu kabisa ambako hauhitajiki sana. Changanya. Kipande cha weldimeshi cha mita 2.4 kwa 1.2 kikilazwa kwa ubavu kinakupa urefu wa mita 2.4 na kimo cha mita 1.2. Vipande 3 vinazunguka banda zima, na zinabaki sentimita 20 za kupishanisha. Matundu yasizidi sentimita 2.5, kwa sababu kenge mchanga hupita pembamba. Juu ya hapo ongeza mita 7 za wavu wa kuku wenye upana wa sentimita 90, ambao maduka mengi hukukatia kwa mita bila kukulazimisha kununua roli zima. Nafasi iliyobaki juu ni sentimita 60, hivyo sentimita 30 zinashuka na kupishana na ule mgumu. Funga mapishano hayo kwa waya wa kufungia nondo, kila baada ya shubiri moja, na ncha za waya uzikunje zielekee nje zisimchome paka.

Chini ndipo mafundi wanapoharakisha, na ndipo kenge anapoanzia. Akifika kwenye wavu anausukuma kwa pua, kisha anachimba palepale mguuni pa wavu. Tandaza wavu mwingine wa upana wa sentimita 30 juu ya ardhi kuelekea nje, kuzunguka banda lote, uufunge kwenye ule wa ukutani, kisha uufunike kwa mawe au udongo. Akichimba atakutana nao, maana hajui kurudi nyuma hatua moja na kuanzia mbali. Njia hii ni rahisi kuliko kumwaga zege na inafanya kazi ileile.

Mbao za inchi 2 kwa 2 zenye urefu wa futi 12 zitahitajika kama 10, pamoja na bawaba, komeo na fundi wa siku moja au mbili. Mlango uwe na komeo mbili, juu na chini, kwa sababu mlango wenye komeo ya juu pekee huachia upenyo chini ukisukumwa. Ndani weka kivuli, maji, ubao wa kupanda na beseni la maranda. Banda la namna hii linamlinda paka dhidi ya mbwa wa mtaani na magari vilevile, faida ambayo uzio hauwezi kuidai.

Wengine watasema, fuga mbwa. Mbwa mchangamfu humfukuza kenge kweli, lakini angalia saa zake za kazi. Katika nyumba nyingi mbwa wa ulinzi hufungiwa bandani mchana na kufunguliwa usiku, wakati ambao kenge amelala. Mbwa anakula kila siku, anahitaji chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka, na akipambana na kenge mkubwa naye hutoka na majeraha. Kama unaye tayari, vizuri. Kumnunua kwa ajili hii tu ni gharama ya miaka kumi kwa kazi ambayo banda linaifanya.

Mitego na sumu nazipinga bila kusita. Fikiria chambo: samaki, yai, utumbo. Ni vitu ambavyo paka wako atavifikia kabla ya kenge. Mtego wa kunasa utamvunja mguu, na sumu itamuua yeye, kisha tai na kunguru watakaokula mizoga. Halafu kuna sheria. Tanzania ina Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na Kenya ina ya mwaka 2013; kumuua au kumkamata mnyamapori bila kibali kunaweza kukufikisha mahakamani. Kenge akizoea nyumba, mwite afisa wanyamapori wa halmashauri, au Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) kwa walio Kenya. Kule Cape Coral, Florida, kenge wetu wa maji walifikishwa na biashara ya wanyama wa kufugwa, wakazaliana kwenye mifereji ya mji huo tangu miaka ya 1990, na mamlaka zinawatega kwa sababu pale ni wageni wanaoharibu. Hapa kwetu ni mwenyeji. Anakula panya, anasafisha mizoga, anafukua mayai ya mamba.

Vya kumwaga na kunyunyiza navyo viacheni. Nafthalini ni sumu kwa paka. Dizeli na oili chafu humshika kwenye nyayo, naye hujilamba. Fedha hiyo ipelekwe kwa daktari wa mifugo kumhasi paka. Ni malipo ya mara moja, na paka aliyehasiwa hazururi mbali, wala hutapata watoto wa paka waliofichwa chini ya mbao kila baada ya miezi michache. Katika miji kama Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambako paka ni wa mtaa mzima, kuchangishana kwa ajili hiyo kunasaidia kuliko banda la mtu mmoja.

Ikitokea paka ameumwa, osha kidonda kwa maji mengi safi na umpeleke kwa daktari siku hiyohiyo, hata kama kidonda ni kidogo, kwa sababu mdomo wa kenge umejaa vijidudu na usaha hujificha chini ya manyoya. Usimpe kabisa paracetamol, ile tunayozoea kuiita panadol. Kidonge kimoja kinaweza kumuua.

Mwenye fedha kidogo aanze na ndoo yenye mfuniko na chumba cha mchana, kisha amhasi paka, na banda lifuate akiba ikipatikana. Uzio uwaachie wenye kuku. Na kama sasa hivi una paka aliyezaa nje, usisubiri fundi: mchukue yeye na wanawe, waweke kwenye boksi lenye nguo kuukuu, waingize ndani leo, na wasitoke bila uangalizi hadi wapite miezi minne.