Jedwali Moja la Masafa kwa Ving'amuzi Vyote
Sehemu ya Pili: Faili Iandikweje?

Subukia ni bonde lenye miinuko kila upande: huku Bahati, kule ukingo unaopanda hadi Nyahururu. Mawimbi ya televisheni katika masafa ya UHF husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, na kilima huyakinga. Ndiyo maana majirani wawili wanaotenganishwa na mgongo wa kilima huweza kulazimika kuelekeza antena zao kwenye minara tofauti, yenye masafa tofauti.

King'amuzi kisichojua masafa hayo hupekua chaneli zote, kuanzia 21 hadi 48. Kikipewa jedwali sahihi, huenda moja kwa moja panapohusika. Shida ni kwamba kila mtengenezaji ana muundo wake wa jedwali, na orodha iliyoandaliwa kwa kifaa kimoja haisomeki katika kingine. Dawa yake ni faili ya muundo mmoja ambayo programu yoyote inaweza kuisoma.

Faili hiyo isitegemee namba ya chaneli. Nchini Kenya kila chaneli ya UHF ina upana wa MHz 8, na kitovu cha chaneli 21 ni MHz 474. Kwa hiyo chaneli 30 iko MHz 546. Nchini Marekani upana ni MHz 6, na chaneli hiyo hiyo ya 30 iko MHz 569. Mtu akichagua nchi yenye upana tofauti wakati wa kusanidi king'amuzi, kifaa kitatafuta mahali pasipo na kitu, na fundi ataishia kulaumu antena.

Njia salama ni kuandika masafa yenyewe kwa hezi, kwa namba kamili: 546000000. Hapo hakuna nukta wala mkato wa desimali, alama ambazo kompyuta za nchi mbalimbali huzisoma kwa namna tofauti. Upana nao uandikwe waziwazi: 8000000.

Somo kubwa zaidi linatoka kwa mradi wa LinuxTV, ambao wanachama wake wamekusanya majedwali ya minara ya nchi nyingi. Katika muundo wao wa zamani, mnara ulielezwa kwa mstari mmoja uliofungua kwa herufi T, kisha masafa, upana na vigezo vingine kwa mpangilio maalumu. Maana ya kila thamani ilitegemea nafasi yake. Muundo huo uliwafaa watumiaji wa DVB-T, mfumo wa awali wa utangazaji wa dijitali. Mrithi wake, DVB-T2, ulipokuja, masafa yale yale yaliweza kubeba mikondo kadhaa, kila mmoja na namba yake, na mstari wa zamani haukuwa umeitengea namba hiyo nafasi.

Muundo wao mpya huipa kila thamani jina lake: mfumo wa utangazaji, masafa, upana, namba ya mkondo. Kigezo kipya kikizuka huongezewa mstari wake, na mistari mingine haiguswi. Jambo hili linaigusa Kenya moja kwa moja, kwa kuwa ilizindua matangazo ya dijitali mwaka 2009 kwa DVB-T kabla ya kuhamia DVB-T2.

Faili ya Kenya inahitaji sehemu mbili zilizotenganishwa. Ya kwanza ni gridi ya chaneli, ambayo ni hesabu tupu na haibadiliki ovyo. Ya pili ni minara: jina la mahali, kampuni inayosambaza mawimbi, masafa na mfumo. Kampuni za usambazaji Signet, PANG na ADN zina mitambo yao, na stesheni nyingi hupita katika masafa ya msambazaji mmoja. Kwa hiyo kinachoorodheshwa ni mnara na msambazaji. Majina ya stesheni king'amuzi huyasoma ndani ya mawimbi yenyewe.

Kila ingizo pia liwe na tarehe ya kuthibitishwa. Mkataba wa Geneva wa 2006 ulipanga televisheni ya dijitali hadi MHz 862. Baadaye masafa ya juu ya MHz 694 yakagawiwa mawasiliano ya simu. Jedwali la zamani linaloendelea hadi chaneli 69 humpotezea mtumiaji muda bure, na bila tarehe hatagundua kwamba limepitwa na wakati.

Sehemu ya tatu itaangalia nani anafaa kuitunza faili hii: Mamlaka ya Mawasiliano inayotoa leseni za masafa, wasambazaji wenye minara, au mafundi wanaopanda mapaa ya nyumba Subukia na kupima mawimbi yanayofika huko.