Mahali pa Kulala kwa Msafiri wa Fedha Kidogo

Mkulima atokaye Kakamega au Meru kwenda Nairobi kwa shauri la shamba lake, au kumpeleka mgonjwa katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, hujua vema nauli ya basi ni kiasi gani. Lakini ukimwuliza atalala wapi, mara nyingi atakujibu, "Nitatazama nikifika." Hapo ndipo fedha zinapoanza kupotea. Shauri lililodhaniwa kuwa la siku moja huwa la siku tatu, na aliyelala ghali usiku wa kwanza hulazimika kurudi nyumbani kabla faili lake halijaonekana.

Wengi huwategemea jamaa zao. Desturi hiyo ni njema, wala sina nia ya kuilaumu. Hata hivyo yafaa tukumbuke jinsi jamaa huyo anavyoishi. Akiwa na chumba kimoja huko Kawangware au Mathare, pamoja na mkewe na watoto, mgeni mmoja huwanyima usingizi wote. Wazee walisema mgeni siku ya tatu apewe jembe. Basi huko Nairobi jembe hilo lingelima wapi? Usiku mmoja, tena kwa kumpasha habari mapema na kumchukulia unga au maharagwe, ni heshima. Juma zima ni mzigo.

Asiye na jamaa ataona lojingi nyingi za bei ndogo kandokando ya River Road na karibu na stendi za mabasi. Neno "hoteli" lisimdanganye, maana penye jina hilo pengi huuzwa chai na chapati tu, wala hapana hata kitanda kimoja. Na penye vitanda, mara nyingi chini yake mna baa ambamo muziki hupigwa hadi alfajiri. Kabla ya kutoa fedha, ndugu msomaji, omba uonyeshwe chumba. Tazama komeo la mlango, shuka na maji. Uliza kama chai ya asubuhi imo katika bei, na chumba chatakiwa saa ngapi, kwa kuwa nyumba nyingi hukitaka saa nne asubuhi, na akawiaye huweza kudaiwa siku nyingine. Kitambulisho usikiache nyumbani. Karani aliyetumwa na ofisi yake adai risiti pale pale, kwani mhasibu haamini maneno ya mdomo.

Chumba cha mbali kilicho rahisi nacho kina hila yake: ongeza nauli ya matatu asubuhi na jioni, kisha ulinganishe.

Kwa maoni yangu, apendaye utulivu na atafute kwanza nyumba za wageni za makanisa, au Y.M.C.A. iliyoko State House Road. Si rahisi kuliko zote, lakini hazina kelele za walevi. Apige simu kabla ya kuondoka kwao, kwa sababu mikutano huweza kuzijaza.

Aendaye Mombasa zamani hakuwa na taabu hii, kwani gari moshi lenyewe lilimlaza: alipanda Nairobi jioni akaamkia njiani kuelekea pwani. Safari hizo za reli ya zamani zilikoma mwaka 2017, reli mpya ilipofunguliwa. Gari jipya huenda mbio zaidi, lakini humshusha abiria Miritini, nje ya kisiwa, na afikaye usiku yampasa kuhesabu nauli ya kuingia mjini pamoja na bei ya kitanda.

Lakini katika barabara hiyo hiyo ya Mombasa, kwa apitaye kwa motokaa, ipo nyumba isiyodai hata senti moja. Ni hekalu la Masingasinga la Makindu, lililojengwa mwaka 1926 na Masingasinga waliofanya kazi ya reli. Msafiri wa dini yoyote na kabila lolote hupewa chakula humo, na vyumba vya kulala vipo. Atakaye kutoa sadaka hutoa kwa hiari yake. Asiye nacho haulizwi. Viatu huvuliwa na kichwa hufunikwa kwa kitambaa, na mtu haingii na tumbako, pombe wala nyama.