Uwiano wa Meno ya Difu: "Juu" ni Wapi na "Chini" ni Wapi?

Katika ofisi moja mjini Mbeya niliwahi kuonyeshwa barua iliyoagiza Land Rover fupi ya Series III ifungwe "difu yenye uwiano wa juu" ili ipunguze matumizi ya petroli. Bohari ilikuwa na difu za aina mbili, moja ya 4.7 na nyingine ya 3.54. Mtunza bohari alitazama tarakimu, akaona 4.7 ndiyo iliyo juu, akaitoa. Gari likarudi na difu mpya yenye uwiano uleule wa ile iliyotolewa. Fedha zilitumika, petroli haikupungua hata lita moja. Fundi, mtunza bohari na mwandishi wa barua, kila mmoja alikuwa na hoja. Kosa lilikuwa katika istilahi.

Ili tuone kosa hilo lilipo, yafaa kwanza tuieleze kazi ya difu. Nguvu ya injini hupita katika giaboksi, ikafuata propela shafti mpaka kwenye difu iliyo katikati ya ekseli. Ndani ya difu mna gia ndogo iitwayo pinioni, nayo huzungusha gia kubwa iitwayo krauni. Uwiano wa meno hupatikana kwa kugawa idadi ya meno ya krauni kwa idadi ya meno ya pinioni. Krauni ikiwa na meno 47 na pinioni meno 10, pinioni itazunguka mara 4.7 ili krauni izunguke mara moja. Huo ndio uwiano wa Land Rover fupi za Series II na III. Range Rover, iliyotoka mwaka 1970, ilipewa uwiano wa 3.54. Kwa kuwa difu za Range Rover za awali huweza kufungwa katika ekseli za Land Rover hizo fupi, wenye magari wengi duniani wamefanya badiliko hilo.

Matokeo yake ni hesabu nyepesi. Kwa mwendo uleule na gia ileile, injini iliyokuwa ikizunguka mara 3,000 kwa dakika sasa itazunguka mara 2,260 hivi. Katika barabara iliyonyooka, kama ile ya tambarare kati ya Igawa na Chimala, injini isiyohangaika hivyo yaweza kutumia mafuta machache. Lakini Nyanda za Juu hazina tambarare nyingi. Mbeya iko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, ambako hewa ni nyepesi na injini ya kawaida hupoteza sehemu ya nguvu zake. Dereva anayepanda kutoka Uyole kuelekea Isongole akiwa na difu ya 3.54 atalazimika kurudi gia ya chini mapema, na faida aliyoitazamia itayeyuka mlimani.

Kadhalika yapo mambo matatu ambayo mfasiri wa mwongozo wa gari hapaswi kuyaruka. La kwanza, difu ya mbele na ya nyuma sharti ziwe na uwiano mmoja, la sivyo ekseli mbili zitashindana gari linapovuta kwa magurudumu manne. La pili, katika Land Rover hizo spidomita huendeshwa kutoka nyuma ya giaboksi, kabla ya difu. Baada ya badiliko, isipokuwa imerekebishwa, itaonyesha 60 wakati gari linakwenda karibu 80. La tatu, injini itazuia gari kwa nguvu ndogo zaidi katika kila gia. Anayeteremka Kitonga kuelekea Ruaha Mbuyuni na mambo hayo mawili ya mwisho hayajui, yu hatarini.

Sasa turudi kwenye neno. Mafundi wa Kiingereza huita "ya juu" difu yenye tarakimu ndogo, kwa sababu hulipa gari mwendo mkubwa. Mwalimu wa hesabu, naye, atasema 4.7 iko juu ya 3.54, wala hakosei. Tukifasiri "juu" kwa "juu", tunaihamisha fumbo kutoka lugha moja hadi nyingine bila kulifumbua.

Kwa hiyo napendekeza yafuatayo:

1. Difu, krauni na pinioni yabaki kama yalivyo. Fundi wa Mwanjelwa, dereva anayesimama Ipogolo na muuza vipuri wanayaelewa. Neno jipya la kubuni lingebaki kitabuni.

2. Uwiano wa meno litumike kwa hesabu ya meno ya krauni kwa meno ya pinioni. Neno uwiano wanafunzi wamekwisha kulizoea katika hisabati.

3. Difu ya mbio iwe ile yenye tarakimu ndogo, na difu ya nguvu iwe ile yenye tarakimu kubwa. Majina haya yanataja kazi ya kifaa, wala hayategemei mahali msomaji alipoanzia kuhesabu.

4. Maneno "juu" na "chini" yasitumike kamwe kuelezea uwiano wa meno. Katika kila hati, tarakimu iandikwe pamoja na jina: "difu ya mbio, 3.54 kwa 1".

Huenda mtu akauliza kama jambo dogo namna hii lastahili kurasa zetu. Jibu liko katika ile barua ya Mbeya. Ingaliandikwa "difu ya mbio, 3.54 kwa 1, mbele na nyuma, pamoja na kurekebisha spidomita", mtunza bohari asingalikuwa na la kukisia. Istilahi njema ni ile inayomwondolea msomaji haja ya kukisia, hasa pale ambapo anayekisia ndiye atakayeshika usukani.