Mizani ya nyumbani na asilimia ya mafuta: kipi inakipima, kipi inakikisia

Simama juu ya mizani ya kisasa ya nyumbani, ile yenye vibati vinne vinavyong'aa na inayotuma majibu kwenye simu. Soma asilimia ya mafuta. Kisha ingia kwenye programu yake, ongeza miaka ishirini kwenye umri wako au badilisha jinsia, halafu upande tena. Uzito utabaki ule ule, lakini asilimia ya mafuta itabadilika, wakati mwingine kwa kiasi kikubwa, ingawa mwilini mwako hakuna gramu moja iliyohama. Jaribio hilo la dakika mbili linafichua jambo ambalo maandishi ya kwenye boksi hayalisemi: uzito mizani inaupima, mafuta inayakisia.

Kukisia huko kuna sayansi yake. Ukisimama peku, vibati vile hupitisha mkondo dhaifu wa umeme, kwa kawaida chini ya miliampia moja, usioweza kuuhisi. Mkondo huo unaingia kwa unyayo mmoja, unapanda mguu, unavuka nyonga na kushukia mguu wa pili. Misuli imejaa maji yenye chumvichumvi, kwa hiyo inaupitisha kwa urahisi. Mafuta yana maji machache, hivyo yanauzuia. Mizani husoma ukinzani huo, ikauchanganya na urefu wako, ikakadiria una maji kiasi gani mwilini. Hapo inachukulia kwamba sehemu ya mwili isiyo mafuta ni maji kwa takriban asilimia 73, inapata uzito wa sehemu hiyo, inautoa kwenye uzito wako wote. Kinachobaki ndicho inachokiita mafuta.

Angalia mlolongo huo vizuri. Mafuta yenyewe hayajaguswa popote. Ni salio la hesabu, na kila kosa la hatua za mwanzo linaangukia kwenye salio hilo.

Zaidi ya hapo, kanuni ya hesabu yenyewe ilitokana na kundi fulani la watu waliopimwa kwa mitambo mikubwa ya hospitali au ya maabara, kisha ukatafutwa uhusiano kati ya ukinzani wao, umri, jinsia na mafuta yao. Aghalabu watengenezaji hawaitangazi kanuni hiyo wala kueleza kundi lilikuwa la akina nani. Mnunuzi wa Mwanza au Mombasa ana haki ya kuuliza, maana uzito wa mifupa, urefu wa miguu ukilinganishwa na kiwiliwili, na mahali mafuta yanapojikusanya hutofautiana kati ya jamii na jamii. Hata mitambo mikubwa nayo ina makisio yake. Albert Behnke, daktari wa jeshi la majini la Marekani, alieleza mwaka 1942 namna ya kukadiria mafuta kwa kumpima mtu uzito akiwa amezama majini, na njia hiyo iliheshimiwa kwa miongo mingi. Lakini nayo inategemea dhana kwamba misuli na mifupa ya watu wote ina msongamano ule ule.

Sasa tuje kwenye maji, maana hapa ndipo watu wengi wanapohangaika bila sababu. Mtu aliyefunga Ramadhani akipanda mizani muda mfupi kabla ya futari, mwili wake umepungukiwa maji, ukinzani umepanda, na mizani inaweza kuutafsiri upungufu huo kuwa misuli michache na mafuta mengi. Utadhani basi kunywa maji kutasahihisha. Kinyume chake: ukinywa lita nzima na kupanda papo hapo, maji yako bado tumboni, ambako mkondo haufiki vizuri. Uzito umeongezeka kilo moja, ukinzani wa miguu haujabadilika, na sehemu kubwa ya kilo hiyo inahesabiwa kuwa mafuta. Aliyetoka kukimbia naye hupata jibu la kumpendeza, kwa sababu joto na damu nyingi kwenye misuli ya miguu hushusha ukinzani. Mafuta yake hayajapungua kwa kasi hiyo. Nyayo kavu zenye magaga au sugu nene nazo huvuruga kipimo.

Kasoro kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni njia ya mkondo. Unapita miguuni na kuliacha tumbo karibu lote, ilhali mafuta ya kuogopwa zaidi ni yale yanayozunguka ini na utumbo, yanayoambatana na kisukari na maradhi ya moyo. Namba ya "mafuta ya tumboni" inayotokea kwenye simu imetoka kwenye kanuni. Utafiti uliofanyika Ufaransa na kuchapishwa 2021 ulilinganisha mizani za aina hii na mtambo wa hospitali wa eksirei mbili: uzito ulikuwa sahihi, lakini kwenye mafuta zilikosea kwa kilo kadhaa.

Je, tuzitupe? Hapana. Mizani inayokosea kwa namna ile ile kila siku bado inaweza kuonyesha mwelekeo, mradi wewe nawe usibadilishe mazingira. Iweke kwenye sakafu ngumu iliyo sawa, si juu ya zulia wala mkeka. Chagua saa moja na uishike, kwa mfano jioni kabla ya kula, ukiwa umeshakwenda haja na hujafanya mazoezi. Futa nyayo. Usisome namba ya siku moja. Chukua wastani wa wiki, ulinganishe mwezi na mwezi. Usilinganishe namba yako na ya jirani mwenye mizani nyingine. Mwenye kifaa cha umeme cha kusaidia mapigo ya moyo asiitumie kabisa, na mjamzito apime uzito tu.

Kwa afya yenyewe, futi ya fundi cherehani inakupa jibu ambalo mizani haiwezi. Izungushe katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukishatoa pumzi kwa kawaida, bila kujibana. Mwongozo wa Uingereza tangu 2022 unawashauri watu wazima kiuno kisifike nusu ya urefu: mwenye sentimita 170 abaki chini ya 85. Ukiona kiuno chako kimefika hapo, nenda kituo cha afya ukapimwe shinikizo la damu na sukari, hata kama mizani ya chumbani inakuambia mafuta yako ni ya kawaida.