Je, Wajua? Nusu ya Spika ya Gari ni Mlango

Spika zinazokuja na gari kutoka kiwandani zimesingiziwa vya kutosha. Gari likishatoka bandarini na kupata namba, safari ya kwanza ni kwa fundi redio "kuweka muziki", na kabla ya magharibi zile spika zimeshatupwa kwenye ndoo pamoja na vipande vya nyaya. Uliza zilikosa nini, utajibiwa: "Hizi za karatasi tu, bosi." Ni za karatasi kweli. Na karatasi ni miongoni mwa vitu bora kabisa vya kutengenezea koni: ni nyepesi, ina ugumu wa kutosha kwa uzito wake, na mlio wake wa pembeni wa kuingilia muziki ni mdogo. Chester Rice na Edward Kellogg wa General Electric walipoeleza mwaka 1925 spika ya koni na koili, ambayo kimsingi ndiyo tunayotumia mpaka leo, koni yao ilikuwa ya karatasi. Ile koni nyeupe ya Yamaha NS-10, iliyokaa juu ya meza za studio nyingi duniani tangu miaka ya 1980, nayo ni karatasi. Hoja ya karatasi tuiweke kando.

Kisa chenyewe mara nyingi kinaanzia kwenye redio. Japani, zinakotoka IST, Vitz, Probox na Noah zilizojaa barabarani kwetu, masafa ya FM yanaanzia megahezi 76. Zamani yaliishia 90, siku hizi yamesogezwa hadi 95. Huku kwetu FM inaanzia 87.5 hadi 108. Redio ya Kijapani ikifika Dar es Salaam au Mombasa inakuwa kiziwi kwa stesheni nyingi, halafu maandishi yake hayasomeki. Kipo kidude cha bei rahisi kinachochomekwa kwenye waya wa antena na kushusha masafa, tuseme kwa megahezi 14, hivyo stesheni ya 100 unaipata kwenye 86. Wengi hawana subira na hesabu hiyo, wanataka redio mpya yenye Bluetooth na kioo kikubwa, nami siwalaumu. Lakini dashibodi ikishafunguliwa, mazungumzo yanahamia milangoni: "Na hizi spika tuzitoe kabisa?" Hapo ndipo kosa la redio linapolipiwa na spika.

Basi tuseme umenunua jozi nzuri ya inchi sita na nusu, imefungwa, umelipa, umeondoka. Sauti za juu zinang'aa kweli. Besi haipo. Unaongeza kwenye redio, mlango unaanza kutetemeka, besi bado haipo. Unarudi kwa fundi, naye anakushauri ununue wufa ya kuweka kwenye buti. Kabla hujatoa hela, elewa kwanza kinachotokea mlangoni.

Koni ikisogea mbele inaibana hewa iliyo mbele yake, na papo hapo inailegeza iliyo nyuma yake. Upande mmoja shinikizo limepanda, wa pili limeshuka. Pande hizo mbili zikikutana zinafutana. Kwa sauti nyembamba hilo halina madhara makubwa, kwa sababu mawimbi yake ni mafupi: la hezi 3,000 lina urefu wa sentimita 11 tu. Wimbi la besi la hezi 100 lina urefu wa karibu mita tatu na nusu. Kwa wimbi refu namna hiyo, mbele na nyuma ya spika ya sentimita 16 ni kama mahali pamoja. Hewa inazunguka ukingo na kujaza pengo kabla sauti haijakufikia. Ukitaka kuamini, ishike spika mkononi ikiwa inapiga: utasikia kitu kama redio ya simu. Sasa kata tundu kwenye katoni, ukubwa wa koni, uibandike spika hapo iwe imetenganisha mbele na nyuma. Besi inatokea hapo hapo, na hujaongeza wati hata moja.

Ndani ya gari, kazi ya katoni hilo inafanywa na mlango. Ukitoa lile pambo la plastiki la ndani utakuta bati lenye matundu makubwa, yaliyoachwa ili mkono wa fundi uweze kufikia mota ya kioo na kitasa. Juu ya matundu hayo kiwanda kimebandika nailoni kwa gundi nyeusi inayonata kama lami. Nailoni hiyo ina kazi ambayo wengi hawaijui. Mlango wa gari umetengenezwa ukijua kwamba maji yataingia ndani yake. Mvua inateremka kwenye kioo, inapita kwenye mpira, inadondoka ndani ya mlango, kisha inatokea chini kwenye vitundu vidogo vya kutolea maji. Nailoni ndiyo inayozuia maji hayo yasije upande wako, na spika ya kiwandani imechaguliwa na kufungwa kwa kujua kwamba mgongo wake unakaa mahali penye unyevu.

Fundi mwenye haraka anaichana. Au anaichomoa vizuri, kisha anairudisha kwa solotepu, ambayo kwa jua la saa nane mchana imeshaachia kabla ya wiki kuisha. Mwenye gari anapata hasara mbili kwa bei ya moja: besi inavuja kupitia yale matundu, na masika yakija zulia linaloa, gari linaanza kunuka uvundo, kila mtu anatafuta maji yanatokea wapi. Gundi ile nyeusi ukiipasha kidogo inanata tena. Kazi ya dakika chache.

Anayetaka kwenda mbali zaidi anaziba matundu kwa karatasi nzito za mpira wa butili zenye foili, bila kuziba vile vitundu vya chini vya maji. Wapo wanaouza za lami badala ya butili kwa sababu ni rahisi; kwa joto la pwani lami inalegea, inanuka, na siku moja inadondokea mota ya kioo.

Spika yenyewe inakaaje? Toyota nyingi zina spika ya kiwandani yenye fremu ndefu ya plastiki inayoisogeza nje, mbali na kioo, na kuibana sawasawa kwenye bati. Ya dukani ni bapa. Inahitaji ringi ya kuijazia, ya plastiki au ya mbao ya MDF iliyopakwa rangi pande zote, maana MDF isiyo na rangi ikinywa maji inavimba kama andazi. Bila ringi, fundi anapigilia skrubu mbili tatu kwenye bati, pembeni panabaki upenyo wa kupitisha kidole, na yote niliyoeleza juu ya hewa kuzunguka ukingo yanaanza upya. Au sumaku inaingia ndani mno, na siku utakayoshusha kioo chote utasikia "kwa!" Mwambie fundi ashushe kioo mpaka mwisho kabla hajarudisha pambo. Na kwenye baadhi ya magari mapya kuna kihisi cha shinikizo la hewa ndani ya mlango, kinachosaidia kuamua mfuko wa hewa wa ubavuni ufumuke lini. Gari la namna hiyo usikubali litobolewe ovyo.

Kuna ugonjwa wa pili wa besi, nao haugharimu hata senti kuutibu. Spika ina ncha mbili, chanya na hasi. Kwa kawaida kile kipande cha chuma kipana ndicho chanya. Ukichanganya nyaya za mlango mmoja tu, spika italia vizuri, haitaungua, haitalalamika. Ila ya kulia ikisukuma, ya kushoto inavuta. Besi za milango miwili zinamezana katikati ya gari, na sauti ya mwimbaji haikai mbele yako, inaelea huku na huku hujui anaimbia wapi. Kipimo chake ni hiki: cheza wimbo wenye besi, kisha hamisha sauti yote upande mmoja kwa kile kitufe cha kugawa kulia na kushoto. Besi ikiongezeka ulipozima upande mmoja, nyaya zimepishana. Kwa spika iliyo nje ya gari chukua betri kavu ya volti 1.5, gusisha kwa nukta moja, chanya kwa chanya. Koni ikiruka mbele, alama ni sahihi. Ikirudi nyuma, aliyeziandika alikosea, na hutokea.

Sasa wati, ambako uongo umehalalishwa mpaka umezoeleka. Redio inaandikwa 50W mara nne, boksi la spika limeandikwa 1000W. Redio ya gari haina umeme mwingine zaidi ya ule wa betri na alternata, volti 14.4 hivi injini ikiwaka. Spika nyingi za gari ni omu 4. Zidisha 14.4 kwa 14.4, gawa kwa 4: unapata karibu 52. Hizo ndizo 50W za kwenye redio, na zinafikiwa pale tu redio imelazimishwa mpaka mawimbi yamekatika vichwa na kuwa mraba, yaani muziki umeshapasuka. Sauti safi ni nusu yake kwenye makaratasi, na kwa vitendo ni wati 15 hadi 20. Ile 1000W ingehitaji ampea karibu 70. Geuza redio utazame fyuzi ya nyuma: 10, au 15.

Namba ya kutafuta kwenye boksi ni RMS, yaani wati za mfululizo, na pembeni yake ile ya desibeli kwa wati moja, ambayo wauzaji wengi hata hawaiangalii. Ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli 3 tu zaidi. Spika ya desibeli 86 inahitaji wati mara nne ili ilie sawa na ya desibeli 92. Koni nyepesi ya karatasi mara nyingi ina desibeli nzuri, kwa sababu kiwanda kinajua redio yake ni dhaifu. Ndiyo maana kuna watu wanabadilisha spika kwa gharama kubwa, wanapata zenye koni nzito, halafu muziki unakuwa mdogo kuliko mwanzo. Koni nzito inataka amplifaya. Kama huna mpango wa amplifaya, usiinunue.

Desibeli hizo tatu zinayahusu na masikio. NIOSH, taasisi ya Marekani ya afya kazini, inaweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8, na kila zinapoongezeka 3 muda unagawanywa kwa mbili: kwa desibeli 100 ni dakika 15. Abiria wa matatu ya Nairobi anashuka. Makanga hashuki. Kenya ina kanuni za kelele tangu 2009, lakini sijaona nani anamuuliza kijana yule habari za masikio yake.

Linaloniudhi zaidi ni soketi. Nyuma ya redio ya Toyota kuna soketi mbili, ya pini 10 na ya pini 6, na waya wa kuunganishia redio mpya bila kukata chochote unauzwa madukani kwa bei ndogo. Bado fundi anachukua koleo, anakata, anasokota nyaya kwa vidole na kuzizungushia utepe mweusi ambao kwa joto unateleza. Katika redio za kisasa nyaya zote mbili za spika zina umeme. Hakuna hata mmoja ulio wa bodi. Ukigusa bati, redio inajizima, au inaungua kabisa. Halafu linatafutwa jina la kampuni la kulaumu.

Zipo spika za kiwandani zilizokufa kweli. Bonyeza koni taratibu kwa vidole pande zote kwa usawa: ikikwaruza, koili inasugua sumaku. Ukingo wa sponji ukibomoka kama mkate mkavu, nao umekwisha, ingawa mafundi wa kubadilisha ukingo na koni wapo na wanastahili kazi kuliko ndoo ya taka. Na iliyo nzima ukiitoa ina matumizi: boksi la redio ya nyumbani, spea ya mwenye gari kama lako, somo la sumaku na koili shuleni, sumaku ya kuokotea nati, hata maikrofoni, maana ukiongea mbele ya koni koili inazalisha umeme.

Kwa hiyo ukienda kwa fundi, mwambie asikate soketi, arudishe nailoni mahali pake, na spika za zamani akufungie kwenye mfuko uondoke nazo. Ni mali yako, na ushuru wake umeshaulipa.